Uvimbe Katika Titi la Mwanamume

Mwanamume anapopapasa kifua chake na kukuta kitu kigumu nyuma ya chuchu, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kunyamaza. Titi, katika mawazo ya wengi, ni kiungo cha mwanamke. Lakini kila mwanamume huzaliwa na tishu kidogo za titi, na palipo na tishu hizo saratani yaweza kuota. Ni ugonjwa wa nadra: kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti duniani, mwanamume ni takriban mmoja tu. Unadra huo ndio unaowaponza wengi, kwani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Mwaka 2019 Mathew Knowles, baba wa mwanamuziki Beyoncé, alieleza hadharani kwamba dalili aliyoiona ilikuwa matone madogo ya damu kwenye shati zake. Alipopimwa, alikutwa na saratani pamoja na kasoro katika jeni iitwayo BRCA2. Kasoro hiyo hurithiwa, na baba anaweza kuwapa watoto wake wa kike na wa kiume. Kwa hiyo, mwanamume ambaye mama, dada au shangazi yake aliugua saratani ya matiti amwambie daktari hata asipoulizwa.

Si kila uvimbe ni saratani. Titi la mwanamume huweza kukua kwa mabadiliko ya homoni, ugonjwa wa ini, au dawa. Spironolaktoni, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo, na efavirenzi, ya kufubaza virusi vya UKIMWI, zinajulikana kwa hilo. Uvimbe huo aghalabu huuma ukiguswa na huweza kuwa pande zote mbili. Wa saratani kwa kawaida ni mgumu, wa upande mmoja, usiouma. Chuchu huweza kuingia ndani, ngozi kufanya kidonda, au tezi za kwapani kuvimba. Hata hivyo, vidole havikati shauri. Kinachokata ni kipande kidogo cha uvimbe kilichochunguzwa maabara.

Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu titi limevimba, mweleze aliyekuandikia. Tamoksifeni, ingawa hutibu saratani hii, isinunuliwe bila cheti cha daktari, maana huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani. Kuhusu dawa za kupaka za “kuyeyusha uvimbe” zinazotembezwa mitaani, fedha ni hasara ndogo. Kubwa ni miezi inayopotea.

Na ukielekezwa kwenye kliniki ya matiti ukakuta benchi limejaa akina mama, keti usubiri zamu yako. Vipimo ni vile vile.