Vyumba Vinavyopakana, Vyumba Vinavyoingiliana

Swali: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mombasa. Wageni wengine huomba “connecting rooms”, wengine “adjoining rooms”. Je, si kitu kimoja?

Jibu: Si kimoja, na tofauti yenyewe ni mlango. Vyumba vya “connecting” vina mlango wa ndani unaokupitisha kutoka kimoja hadi kingine bila kutoka nje koridoni. Mzazi mwenye watoto wadogo kwa kawaida ndivyo anavyovitaka. Vya “adjoining” vinapakana, vimetenganishwa na ukuta mmoja, na si lazima viwe na mlango kati yao. “Adjacent” ni legelege zaidi: ni vya jirani tu, pengine hata ng’ambo ya korido.

Tatizo ni kwamba hata wenye Kiingereza chao huyachanganya hayo mawili ya kwanza. Kwa hiyo usilitegemee neno la mgeni. Muulize waziwazi kama anataka mlango wa ndani, kisha andika jibu lake kwenye buking. Afadhali usumbufu huo kuliko mama kusimama koridoni usiku wa manane huku mtoto analia chumba cha pili.

“Joined rooms” mgeni atakuelewa, ila si lugha ya hoteli. “Conjoined” liepuke kabisa. Hilo ni la mapacha waliozaliwa wameungana miili.

Na ukiandika barua pepe, kumbuka kwamba kitenzi “adjoin” hakidai “to”: “Room 12 adjoins Room 14.” Kwa “connected”, “to” iweke.