Gemu, Dau na Msongo wa Mawazo

Gemu hupandisha msongo wa mwili ndani ya dakika chache, na kupanda huko peke yake si ugonjwa. Msomaji wa Somanda, mjini Bariadi, ameuliza kama vibanda vya gemu ndivyo vinavyowatia vijana hasira na mawazo. Vinachangia, ila mara nyingi chanzo kikubwa hakimo kwenye skrini.

Vijana wawili wako kwenye benchi, pedi mikononi, mechi imebaki dakika mbili na matokeo ni bao moja kwa moja. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hudunda, viganja hutoka jasho. Mechi ikiisha, mwili hutulia wenyewe. Kwa kijana aliyeshinda juani kwenye bodaboda, nusu saa ya namna hiyo na wenzake ni mapumziko halali, na wazazi wasiione kuwa uhuni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia wachezaji karibu 40,000 na kutoa matokeo mwaka 2022. Wingi wa saa za kucheza haukuonekana kubadili sana hali ya nafsi. Kilichowatofautisha ni sababu ya kucheza: waliocheza kwa kupenda walikuwa na hali nzuri kuliko waliojiona wanalazimika.

Kibandani, hata hivyo, kuna pesa. Anayefungwa ndiye anayelipa, kisha dau linawekwa, na usiku mkeka wa kubeti unaendelea kwenye simu. Aliyepoteza pesa ya hesabu ya bosi wa pikipiki ameshaingia kwenye deni, na deni haliishi pedi ikiwekwa chini. Wasiwasi wa siku nyingi huufanya mwili uendelee kutoa homoni ya kotisoli. Ndipo huja kuumwa kichwa, tumbo kuvurugika na hasira za karibu.

Usingizi nao huliwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, lakini mwanga wa simu na msisimko wa mchezo huuchelewesha. Kuacha gemu saa moja kabla ya kulala husaidia, na kucheza bila dau husaidia zaidi.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya kazi na watu, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12. Wachezaji wengi hawafikii hapo.

Wapo pia wanaokimbilia gemu kwa sababu tayari wana sonona, ukosefu wa kazi au msiba usiosemwa. Kumnyang'anya simu kijana wa aina hiyo humwondolea kimbilio na kumwachia maumivu. Aulizwe kwa upole kinachomsibu, na asipopata nafuu apelekwe kituo cha afya au hospitali. Akitamka kwamba hataki kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.