Mshipi Ukizeeka, Usiulaumu Ufito

Katika uvuvi wa nzi bandia, kinachorushwa hasa ni mshipi. Yale manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana hayana uzito wa maana, yanabebwa tu. Mshipi ukichakaa, ufito wa bei ghali nao hugeuka fimbo ya kuchungia mbuzi.

Kabla ya kukimbilia dukani, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Mara nyingi ni uchafu tu unaozamisha ncha na kukwaruza pete za ufito. Ukikauka, ukunje taratibu kati ya vidole, hasa zile mita 10 za mbele. Ukiona nyufa, hapo hakuna sabuni itakayosaidia: maji yanapenya hadi kwenye uzi wa ndani, na mshipi wa kuelea unaanza kuzama. Jua la ndani ya gari huuzeesha haraka. Dawa ya mbu yenye DEET ni mbaya zaidi, kwani inaila ile plastiki. Ukijipaka, nawa mikono kwanza.

Namba ya mshipi ifuate iliyoandikwa kwenye ufito, juu kidogo ya mpini. Namba 5, kwa mfano, maana yake mita 9 za mbele zina uzito wa gramu 9 hivi.

Umbo ndilo linaloleta ubishi. Wauzaji hupenda kukupa WF, ulionenepa mbele ili uende mbali. Mbali wapi? Kwenye Mto Gura kule Aberdare, ulikopandwa trauti mwaka 1905, kichaka kiko mgongoni na samaki yuko mita saba mbele yako. Mimi nanunua DT, uliochongoka ncha zote mbili. Upande mmoja ukichoka, naugeuza, na sijatoa hata shilingi.

Wakati wa kuubadilisha, uvute kwa nguvu ule uzi wa akiba ulio chini kabisa ya rili. Ukikatika, badilisha na huo. Kisha pitisha penseli katikati ya kibunda cha mshipi mpya, mwenzako ashike, kizunguke chenyewe wakati wewe unakunja rili. Ukiuchomoa kwa ubavuni utajisokota, na utalaani mto mzima. Kama ni WF, angalia kibandiko: upande mwembamba ndio unaofungwa kwenye uzi wa akiba. Ukimaliza, ufunge mtini, uvute taratibu kuondoa mikunjo ya dukani, ndipo uteremke mtoni.