Kumpenda Mungu na Kurudisha cha Mwenzio

Mkristo akiulizwa kwa nini haibi, mara nyingi hujibu, "Nimekatazwa." Jibu hilo si baya, ila ni fupi mno. Anayejizuia kwa sababu ya katazo tu hutafuta siku zote mpaka wake ulipo, apate kusimama ukingoni. Anayempenda Mungu hupiga hesabu nyingine, nayo twaiona katika habari za Zakayo, Injili ya Luka sura ya 19.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru mjini Yeriko, kazi yenye mwanya mkubwa wa kujiongezea. Sasa tazameni Torati. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, aliyedhulumu alitakiwa kurudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano; yaani aliyechukua shilingi 10 alilipa 12. Kulipa mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Zakayo hakupelekwa mbele ya kadhi yeyote, lakini alijihukumu hukumu ya mwizi wa kondoo: kwa 10, atarudisha 40! Tena nusu ya mali yake aliahidi kuwapa maskini. Yesu hakumtajia kiasi. Alitaka tu kushinda nyumbani kwake.

Hata huku Afrika ya Mashariki mambo ya namna hiyo yalionekana. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilo. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba zamani. Wako waliosema kuungama kwao hadharani kumezidi kipimo, na pengine walikuwa na haki kidogo. Lakini mali iliyorudi kwa mwenyewe haina ubishi. Wenzetu Waislamu nao hufundishwa kwamba toba haitimii mpaka haki ya mtu irudishwe.

Basi tuje shuleni. Kitabu cha maktaba kilichofichwa chini ya godoro hurudishwa. Chenji iliyozidi dukani hurudishwa. Je, maksi zilizoibwa katika mtihani? Hapo ndipo pagumu, maana walioibiwa ni darasa zima, na kurudisha ni kumwendea mwalimu na kukubali sifuri. Sifuri hiyo yaweza kumnyima mwanafunzi nafasi ya kuendelea, na huenda baba ameuza ng'ombe kwa ajili ya masomo yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Sheria ya shule haiwezi kumfuata mpaka huko. Mapenzi kwa Mungu yaweza, kwa kuwa yeye ampendaye yupo naye hata katika chumba cha mtihani, wala hapendi kumficha kitu.

Nanyi wazazi, mtoto akija nyumbani na sifuri, kabla ya kushika fimbo mwulizeni kwanza ameipataje.