Baridi ya Iringa si friji

SWALI: Daktari, ninaishi Ipogolo, Iringa. Ijumaa nilinunua mjini kuku wawili wa broila, wale wa kwenye nailoni, bei ikiwa imeshushwa. Lebo inasema mwisho wa matumizi ni Jumapili. Mmoja nitampika, mwingine nataka kumgandisha nimpelekee mama Mbeya kwa basi wiki ijayo. Je, kuku aliyegandishwa wakati tarehe yake imekaribia ni salama? Mama anasema kwa baridi ya huku kwetu hata akilala jikoni haharibiki, na akianza kuoza tutamjua kwa harufu.

JIBU: Mwanangu, hadi gazeti likufikie Jumapili hiyo itakuwa imepita, ila jambo uliloliuliza linawagusa wengi. Kuku wa namna hiyo anaweza kugandishwa na kuliwa salama, mradi aingie kwenye friza kabla tarehe haijapita. Usingoje usiku wa siku ya mwisho; mgandishe siku ileile uliyomnunua. Friza inasimamisha ukuaji wa vijidudu, haiviui. Kuku akiyeyuka, vinaendelea kuzaliana kutoka pale vilipoishia, kwa hiyo akishayeyuka apikwe ndani ya saa 24.

Tarehe ya kwenye lebo imehesabiwa kwa kuamini kwamba kuku hatoki kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au 5 tangu kiwandani hadi kwako. Ukimzungusha mjini mchana mzima ndani ya mfuko, tarehe hiyo imekwisha maana hata kama imebakiza siku tano. Kuku mnunue mwisho kabisa, ukishamaliza mahitaji mengine yote, kisha nenda nyumbani moja kwa moja. Na ukikuta duka linauza kuku aliyepitisha tarehe, toa taarifa TBS, ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019.

Hapa naomba nimpinge mama yako kwa heshima zote. Mji wa Iringa uko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya kama 1,700, na usiku wa Julai pale Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10. Lakini jua likishapanda, nyuzi 20 zinapitwa, tena jikoni ambako mkaa uliwaka jioni hapajawahi kuwa na baridi ya uani. Hata Makete, ambako alfajiri majani hufunikwa na sakitu, mchana hali inabadilika. Vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na vikipata joto linalovifaa huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Nyama mbichi isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, iwe Januari au Julai.

Kuhusu harufu, mama yuko sahihi nusu. Kuku anayenuka, mwenye utelezi au aliyegeuka rangi ya kijivu au kijani, tupa bila kumwonea huruma. Asiyenuka bado hajathibitisha chochote. Bakteria wanaoozesha nyama si hao wanaotulaza wodini. Salmonela na kampilobakta hawabadilishi harufu, rangi wala ladha, nao hupatikana kwa broila, chotara na kienyeji vilevile. Kumsugua kuku kwa ndimu au siki hakuwamalizi. Kuku aliyechinjwa nyumbani lazima asafishwe, hilo halina mjadala. Msafishie kwenye beseni, mbali na kachumbari na vyombo safi. Broila wa nailoni amekwisha kusafishwa. Ukimweka chini ya bomba unarushia matone yenye vijidudu kwenye sinki, nguo na vikombe, ndiyo maana mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Uingereza iliwaomba wananchi wake waache kabisa kuosha kuku mbichi.

Sasa friza yenyewe. Tazama mlangoni kuna nyota ngapi. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nayo inatunza nyama wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi mitatu. Kile kisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi ni cha nyota moja au hakina kabisa. Mkate kuku vipande vya kutosha mlo mmoja, ondoa firigisi na maini uvipike kwanza, funga vizuri, andika tarehe. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha, usifungue mlango: friza iliyojaa hustahimili kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa nne.

Kumpelekea mama kuku aliyeganda kwa basi sikushauri, isipokuwa una boksi la kuhifadhi baridi na chupa za maji yaliyoganda za kumzunguka. Safari ni ya saa nyingi, na hujui basi litakaa muda gani njiani. Akifika bado mgumu kwa barafu, sawa. Akifika laini na vuguvugu, atupwe. Ni heri umpelekee kuku mzima mwenye kuwika, au umtumie hela anunue sokoni Mwanjelwa.

Kwenye kupika kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya Dar es Salaam havilisemi. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Vijidudu vinakufa, kwani nyuzi 74 katikati ya nyama zinatosha, lakini nyama inachelewa kuiva, hivyo ongeza muda. Hatari kubwa naiona kwa broila anayetoka kwenye barafu moja kwa moja hadi mafuta ya moto: nje kahawia ya kuvutia, kwenye mfupa wa paja damu mbichi. Myeyushie ndani ya friji usiku kucha. Akiiva, toboa paja kwenye kiungo. Maji yatoke meupe. Mchuzi uliobaki ugawe kwenye vyombo vidogo upoe haraka, uingie friji ndani ya saa mbili, na kiporo kichemke kweli kabla ya kuliwa.

Nasisitiza haya kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, salmonela inaweza kutoka tumboni ikaingia kwenye damu, na hapo inaua. Watoto wadogo, wajawazito na wazee nao wako hatarini. Katika nyumba zetu huwezi kujua nani anakula sahani ileile akiwa na kinga dhaifu.

Mtu akianza kuhara na homa siku moja hadi tano baada ya mlo, mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Usikimbilie Flagyl ya duka la dawa. Haitibu salmonela wala kampilobakta. Choo chenye damu, homa kali, kutapika kila anachokunywa, au mtoto aliyelegea na macho yamedidimia: hao waende kituo cha afya siku hiyohiyo.