Jifunze Kuzima Kabla Hujawasha

*Dada, nimeajiriwa karibuni kuhudumia kompyuta za chuo kimoja. Fundi aliyenitangulia aliacha kazi nyingi zilizotegwa zijiendeshe usiku: nyingine hupiga Windows upya kwenye kompyuta za maabara, nyingine husambaza programu. Nimeambiwa nizizime kwa amri, nami naogopa kuharibu. Nianzie wapi?*

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Usiionee aibu hofu hiyo, maana kinachokutia hofu kimewahi kuwafika wakubwa. Mwezi Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, Marekani, kazi ya kusambaza Windows 7 ilitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows chuoni, seva zikiwemo. Hatua zake za kwanza zilikuwa kugawa diski upya na kuifuta. Mafundi walipogundua wakakimbilia kuzima seva iliyotuma kazi hiyo, kumbe nayo ilikuwa imeshafutwa.

Kwa hiyo shika neno hili: kuzuia kazi isianze tena, kuisimamisha inayoendelea, na kuifuta kabisa ni mambo matatu tofauti. Wengi huumia kwa kudhani ni moja.

Tuanze na Windows. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike `schtasks /Query` uone kazi zote zilizopangwa. Ukishaijua unayoitaka, andika `schtasks /Change /TN "jina la kazi" /Disable`. Hapo umeizuia isianze tena, lakini kama imeshaanza, inaendelea. Ya kuisimamisha ni `schtasks /End /TN "jina la kazi"`. Usiguse `/Delete` wiki hii. Kazi iliyozimwa utaiwasha kwa `/Enable`, ila iliyofutwa utaijenga upya.

Kama maabara inapigwa Windows kupitia WDS, yaani huduma ya kusambaza Windows kwa mtandao, anza na `wdsutil /Get-Server /Show:Config`, uhifadhi majibu yake. Kisha andika `wdsutil /Set-Server /AnswerClients:None`. Kuanzia hapo seva haitaijibu kompyuta yoyote inayowaka kupitia mtandao ikiomba mfumo. Lakini kumbuka ya Emory: kompyuta iliyokwisha kupokea kazi na kuanza kufuta diski yake haiokoki kwa kunyamaza kwa seva. Ndiyo maana tunazima mchana, kabla ya saa iliyopangiwa kazi hiyo, wala hatungoji ianze ndipo tukimbizane nayo.

Kwenye Linux, `systemctl list-timers --all` itakuonyesha ratiba zilizotegwa. Ukiandika `sudo systemctl disable jina.timer` peke yake, ratiba haitarudi kompyuta ikiwashwa tena, lakini kwa sasa bado inahesabu saa. Ongeza `--now` baada ya `disable`. Na kama kazi yenyewe imeshaanza, isimamishe kwa `sudo systemctl stop jina.service`. Kwa ratiba za cron, chombo kingine cha Linux cha kupanga kazi, chukua nakala kwanza: `crontab -l > nakala.txt`. Halafu fungua kwa `crontab -e`, uweke alama ya `#` mwanzoni mwa mstari unaotaka unyamaze. Angalia vidole vyako hapo, kwa sababu herufi e na r zimepakana kwenye kibodi, na `crontab -r` hufuta ratiba yako yote bila kukuuliza.

Kila ukimaliza amri, uliza mfumo tena. Dirisha kutokulalamika si ushahidi. Ushahidi ni orodha inayoonyesha kwamba kazi imezimwa kweli. Kisha andika daftarini: amri uliyotumia, siku, sababu, na amri ya kuirudisha. Daftari la karatasi, mdogo wangu, au faili lililo kwenye mashine nyingine, kwa sababu maelezo ya kuzima yaliyohifadhiwa ndani ya seva inayoungua hayamsaidii mtu.

Halafu sema na watu. Huenda kazi unayoiona haina maana ndiyo inayochukua nakala za matokeo ya wanafunzi. Muulize mwenye idara, mpe siku ya kuzima, umwambie nani atawasha. Na siku ukiona kazi inakwenda kombo, izime kwanza, maelezo utampa bosi baadaye. Mchelea mwana kulia hulia yeye: ukiogopa lawama ya kusimamisha kazi ya watu kwa saa moja, utabeba lawama ya kupoteza data zao.

Leo anza na kazi moja ndogo isiyo na madhara, kwenye kompyuta moja ya majaribio. Izime, hakikisha imezimika, iwashe tena, hakikisha imerudi. Ukiweza kwenda na kurudi hivyo bila kutazama daftari, hapo ndipo utakuwa tayari kuishika maabara nzima.