Kumfuata aliyetangulia: maswali ya viza za familia kutoka Fumba

Rasi ya Fumba ina watu wa pande zote mbili za jambo hili. Nyamanzi na Bweleo wapo wageni waliokuja kwa kibali cha kazi au cha uwekezaji, wakaleta wake na watoto. Dimani, Kombeni na Fumba yenyewe wapo wanaosubiri kuitwa Maskati au Uingereza. Haya ni maswali yanayoulizwa sana. Msingi wa majibu yote ni mmoja: kibali cha anayefuata hutegemea kibali cha aliyetangulia, kikiisha cha kwanza na cha pili kimekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli, ulizeni aliye kule ana kibali cha namna gani.

Mume wangu ni dereva Maskati, mshahara wake riali 200. Nimeambiwa haufiki kiwango cha kunichukua. Ni kweli?

Hiyo ni habari ya zamani, bibi. Mwaka 2023 Oman ilishusha kiwango cha mshahara kutoka riali 350 hadi 150. Mwambie mumeo atazame mkataba wake umeandikwa kiasi gani, kwa sababu ofisa husoma karatasi, hasikilizi maelezo. Maombi huyapeleka yeye kule, kwa Polisi ya Kifalme ya Oman. Kazi yako huku ni nyaraka: pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vyeti vifasiriwe kwa Kiarabu, vigongwe muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha vipelekwe ubalozi mdogo wa Oman hapa Unguja. Watoto wanaokubaliwa ni walio chini ya miaka 21.

Sisi tulioana nyumbani, kukawa na walii, mashahidi na mahari. Cheti hatukuchukua. Ndoa yetu haitambuliwi?

Kwa dini ndoa yenu ni kamili. Kwa viza haionekani. Anzia kwa sheha wako, akuandikie barua, halafu nenda ofisi ya Kadhi wa wilaya pamoja na walii na mashahidi wangali hai. Usingoje mpaka mume apeleke maombi. Cheti kilichotolewa wiki moja kabla ya maombi, kwa ndoa ya miaka kumi, humtia ofisa shaka, na itabidi muambatanishe ushahidi mwingine: picha za harusi, risiti za fedha anazotuma, vyeti vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili.

Cheti cha mwanangu kimeandika baba yake "Salum", pasipoti ya baba inasema "Salim". Ni neno dogo tu, au nisumbuke?

Sumbuka, tena sasa. Hapa kwetu kila mtu anajua ni mtu mmoja. Ofisa aliye mbali anaona baba wawili. Nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ukasahihishe cheti cha kuzaliwa kabla ya kuomba pasipoti ya mtoto, maana pasipoti hufuata cheti, na ukiipata yenye kosa utalipia nyingine. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000. Hati ya kiapo inasaidia kueleza kwa nini majina yametofautiana, lakini haichukui nafasi ya cheti sahihi.

Dada zangu wawili wako Uingereza, mmoja muuguzi, mwengine anahudumia wazee. Kwa nini muuguzi kamchukua mumewe na huyu kakataliwa?

Kwa sababu ya tarehe na aina ya kazi. Walioomba viza ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa tangu Machi 11, 2024, hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Muuguzi aliyesajiliwa hakuguswa na katazo hilo. Wanafunzi nao, kwa masomo yaliyoanza Januari 2024 na kuendelea, wanaokuja na familia ni wale wa shahada za utafiti kama uzamivu, pamoja na wenye ufadhili wa serikali.

Wengi huchanganya hapa na kile kiwango cha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Hicho kinamhusu raia wa Uingereza au mwenye ukaazi wa kudumu anayemleta mwenza. Mwenye viza ya muda ana masharti mengine.

Masharti hayo ni yepi, na gharama ni kiasi gani?

Kwa familia ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ziwepo benki pauni 285 za mwenza, 315 za mtoto wa kwanza na 200 za kila mtoto anayefuata. Zikae siku 28 mfululizo bila kuguswa, isipokuwa mwajiri ameandika kwamba atawabeba. Kinachoumiza zaidi ni ada ya afya: pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kila mwaka, na hulipwa yote kwa mkupuo. Mama na watoto wawili kwa viza ya miaka mitatu ni pauni 7,761, kabla ya ada ya viza yenyewe. Familia ya mwenye viza ya kazi za afya imesamehewa ada hiyo, ndiyo maana yule muuguzi hakuilipa.

Kipo pia kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda zaidi ya miezi sita. Hufanyika Dar es Salaam, kwa hiyo wekeni nauli ya boti. Cheti chake hudumu miezi sita, msikimbilie kupima mapema mno.

Nimemlea mtoto wa marehemu ndugu yangu tangu mchanga. Naweza kwenda naye?

Hili ni gumu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kumwasili, na hati ya mahakama ni bora kuliko maneno matupu. Lakini Uingereza haiihesabu kafala kuwa sawa na kuasili. Usimwandike mtoto kwamba ni wa kumzaa. Uongo ukigunduliwa, aliyeusema anaweza kufungiwa milango kwa miaka kumi.

Nina mpangaji Bweleo, anafundisha kwenye ile kampasi ya IIT Madras. Mkewe anataka kupika na kuuza chakula. Inafaa?

Kwa pasi ya mtegemezi pekee, hapana. Pasi hiyo inamruhusu kukaa, si kufanya kazi wala biashara. Akitaka kuuza, atafute kibali chake mwenyewe kwanza. Aliyenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika mradi ulioidhinishwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar (ZIPA), kama Fumba Town, hupata kibali cha ukaazi pamoja na mwenza na watoto wasiozidi wanne walio chini ya miaka 20. Hicho nacho si ruhusa ya kuajiriwa.

Kuna mtu Darajani anasema ana viza za familia za Oman, nimpe nusu ya fedha aanze. Nimpe?

Usimpe hata shilingi. Umeshaona hapo juu: ombi huanzia kwa mumeo, kwa mshahara wake na mkataba wake, akiwa Maskati. Mtu wa Darajani hana mkataba huo, basi hana anachokuuzia. Fedha hiyo ipeleke kwenye vyeti.